Kumtembeza Taiga

Kathonzweni,
Jumapili jioni

Mwanangu Mwikali,

Sikuulizi hali kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia ukifungua na kufunga sanduku. Hali yako naijua: umenuna tangu nilipokuambia leo ufunge sanduku. Yangu nawe unaijua. Naandika kwa kuwa kila tukianza kuzungumza jambo hili shangazi yako huingia na chai, na tukimaliza chai tumesahau tulikuwa tukibishania nini. Kwenye karatasi hakuna wa kuingia na chai.

Mambo ya safari sitayagusa. Usimwachie mtu mzigo wako, usile vya kuuzwa dirishani, ukifika uripoti kwanza ofisini ndipo utafute kitanda. Haya yote Shangazi Nzilani amekwisha kukuambia na kesho asubuhi atakuambia tena. Ni dada yangu, namfahamu.

Jana mezani ulisema utawaandikia wale wa chuo cha wauguzi wakuwekee nafasi yako mpaka mwaka ujao. Ulisema Kisumu ni mbali, magoti yangu ni mabaya, Taiga hawezi kuinuka asubuhi bila mtu, na tangu mama yako afariki nyumba hii haina mwingine ila wewe. Shangazi yako akajifuta machozi na kitambaa cha meza, akasema wewe ni mtoto mwenye heshima. Mimi nilitoka nje kumtazama mbwa. Mlidhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa natafuta maneno, na sikuyapata mpaka leo tulipotoka kanisani. Na yalipokuja yalikuwa ya habari za mbwa, kwa hiyo nivumilie.

Wewe ndiye uliyempa Taiga jina lake, la yule chui wa mistari wa vitabuni, ukiwa darasa la pili, ingawa ana rangi ya matope na hana mstari hata mmoja. Unamkumbuka wakati wa nyani. Wakishuka kwenye mahindi kule juu sikuhitaji hata kuondoka kwenye cherehani. Nilipiga mluzi tu, naye akatoka chini ya meza, akaruka ngazi ya baraza, na baada ya kitambo ungesikia kelele huko mlimani. Alirudi amekwaruzwa na miiba, akalala juu ya vitambaa vya watu. Nililipia sketi moja ya kanisani kwa ajili yake, sasa sikumbuki ilikuwa ya nani.

Alianza kuchoka ukiwa Form Two, huko bweni. Asubuhi za Julai, zile za baridi na ukungu, aliinuka mbele kwanza, nyuma ikakawia, kama cherehani isiyotiwa mafuta. Akishatembea kidogo alinyooka na nikasahau. Halafu akaacha kuruka ngazi. Alisimama chini, akaitazama, akazunguka kwa upande wa mtaro. Nilisema ni uvivu. Nilimfokea siku nyingi, na yeye alinitazama kwa adabu, akazunguka kwa mtaro. Siku alipowaacha nyani wakala mahindi huku amelala akiwatazama, ndipo nilipokubali kwamba mbwa wangu amezeeka.

Nilipokubali, nikafanya kosa kubwa zaidi. Nilimheshimu.

Unajua namna yetu ya kumheshimu mzee. Tunampa kiti. Ukifika kwa watu ukamkuta mzee wao ameketi, maji analetewa, chakula analetewa, fimbo ikimwanguka mtoto anakimbia kuiokota, unasema moyoni hapa pana watoto wazuri. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia Susu wako, mama yangu. Ulikuwa mdogo, pengine unamkumbuka akiwa kwenye kiti tu. Mimi namkumbuka akipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, kamba imemkaa kwenye paji la uso, akigombana na mtu njia nzima. Tulipopata nguvu sisi wanawe, tukasema yatosha. Tulimtengenezea kiti cha mninga chenye mikono. Tukawaambia wake zetu asishike jembe, asishike kuni, asiende mtoni.

"Aiya, mnataka nikae nifanye nini?" alituuliza.

"Keti tu, Mwaitu, mama yetu," tukamwambia. "Umefanya kazi ya kutosha."

Akaketi. Hakutaka kutuaibisha. Msimu uliofuata akahitaji fimbo kwenda chooni, kisha akahitaji mkono wa mtu, kisha tukawa tunambeba na kiti chake kumtoa juani na kumrudisha. Siku ya mazishi watu walisimama mmoja mmoja kutusifu, na mimi nilisimama pale nikipokea sifa. Tulimheshimu mpaka akashindwa kusimama. Sikuliona wakati ule. Nililiona baadaye kwa mbwa, na naona haya kidogo kusema kwamba nililiona kwa mbwa.

Taiga sikumpa kiti, nilimpa gunia. Nilijaza vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji, nikaliweka chini ya meza karibu na mguu wangu wa kukanyagia cherehani. Gunia lenyewe halikuwa kosa, bado analo mpaka leo na linamfaa wakati wa baridi. Kosa ni kwamba nilimletea kila kitu hapo hapo. Maji hapo. Mahindi na maharagwe ya muthokoi yaliyobaki hapo. Mwenye bucha aliponirushia matumbo na mifupa nilimpelekea hapo. Sikumwita tena, sikumpigia mluzi. Niliona ni utu. Alinenepa, ngozi ikang'aa, na wateja wakasema, "Fundi, mbwa wako ameingia pensheni." Nilifurahi. Halafu akaanza kulia usiku akijigeuza.

Nilimpa vidonge vyangu vya magoti. Niliviponda nikavitia kwenye uji, kwa sababu vilinisaidia mimi, nami nikafikiri goti ni goti. Alikunywa uji wote. Kesho yake alitapika damu na hakula siku mbili. Nakuandikia hili waziwazi kwa sababu unakwenda mahali pa kugawa dawa. Nilikuwa na huruma nyingi sana siku ile.

Wakati huohuo likatoka tangazo kwamba mbwa wote wapelekwe kwenye josho la ng'ombe kudungwa sindano ya kichaa. Taiga hakuweza kwenda. Nikaazima wilbaro, nikatandika gunia lake, nikamsukuma kupita katikati ya soko. Sitaki kukueleza yaliyosemwa njiani. Bwana mifugo alikuwa kijana wa gambuti, ametoka mjini Wote, amechoka na kelele za mbwa.

"Mzee, huyu ni mgonjwa ama ni mvivu?"

"Ni mzee," nikasema.

"Uzee si ugonjwa. Lakini huyu ameshiba sana." Akamshika nyonga, akaukunja mguu wa nyuma na kuunyoosha, na Taiga akamgeukia mkono bila kumuuma. "Hii ni viungo. Haiponi, hiyo nikuambie mapema. Unamfanyia nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza gunia, matumbo, vidonge, yote, na kwa kweli nilitarajia anisifu.

"Vidonge vya watu usimpe tena, vitamtoboa tumbo. Chakula upunguze. Na umtembeze."

"Nimtembeze wapi?"

"Popote. Kidogo, lakini kila siku. Pahali laini, si kwa mawe. Akianza kuchechemea, mmezidisha. Mtu wa viungo akilala ndio anaisha, mzee."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka hilo neno popote. Hata mimi nilicheka. Kwetu mbwa hatembezwi. Mbwa anafuata mbuzi, au anafuata mtu, au anabaki nyumbani. Waliotembeza mbwa walikuwa wazungu wa mashamba ya katani, na tulipokuwa vijana tuliwaona wakifanya hivyo tukasema watu hawa hawana kazi.

Lakini nilianza, maana kilio chake cha usiku kilinishinda. Asubuhi jua likishapata nguvu nilimsugua mapaja kwa kiganja mpaka yapate joto, nikamteremsha kwa mtaro, tukaenda mtoni. Mchanga mkavu wa katikati ya mto ulimchosha, alizama akahema. Ule wa kandokando, ulioshika unyevu, ulimfaa. Mwanzoni tulifika kwenye mgunga wa kwanza tu, tukakaa tukatazama punda wakibebeshwa maji, tukarudi. Sikuwa na furaha yoyote. Nilikuwa na suruali za watu hazijapigwa pindo.

Shida haikuwa mbwa, shida ilikuwa njia. Unajua hapa mtu hakupiti bila kukuuliza unaenda wapi. Ni salamu, na lazima ijibiwe. Unaenda sokoni, unaenda mtoni, unaenda kumwona mgonjwa, au umepoteza kitu. Na tangu uwindaji ukatazwe, mwanamume akionekana anaingia kichakani na mbwa hutazamwa mara mbili. Basi siku ya kwanza tulikutana na Mama Kalekye, jirani yetu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na akauliza.

"Natafuta mbuzi," nikasema.

"Gani hiyo?"

"Ile nyeupe." Nilihitaji rangi, na hiyo ndiyo iliyokuja.

Kesho yake akaniuliza kama imepatikana, nikasema bado, kwa kuwa bado nilikuwa natembea. Siku iliyofuata vilevile. Sikujua kwamba habari imefika kwenye maombi ya akina mama. Walipomaliza kuomba hawakwenda nyumbani. Waligawana mlima na mto, wakavua viatu vya kanisani, wakaingia miibani kumtafuta mbuzi wa jirani yao mgane. Alasiri nilisikia wimbo. Nikainua macho kwenye cherehani, nikawaona wanakuja kwa msafara, na mbele yao mbuzi mweupe amefungwa leso shingoni.

"Baba Mwikali, si hii?"

"Hapana," nikasema.

"Angalia vizuri. Ni nyeupe."

"Mama Kalekye, sina mbuzi mweupe. Sijapoteza mbuzi."

Mmoja alikuwa anajitoa mwiba kwenye kisigino. Mbuzi yule, ilikuja kujulikana, alikuwa wa mzee wa kanisa, na walikuwa wamemfungua kwenye kamba yake nyumbani kwa mwenyewe, akila majani yake kwa amani.

"Sasa kila siku ulikuwa unatafuta nini huko?"

"Nilikuwa namtembeza mbwa."

"Unamtembeza kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi."

"Aiya! Kama mzungu!"

Nilitarajia hasira, na hasira ningeistahili. Walicheka. Mama Kalekye alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi yangu, na walipokuwa wanacheka mbuzi akajiondokea zake na leso ya mtu shingoni. Jumapili kiongozi wa ibada alipomwomba Mungu awakumbuke waliopotea, benchi zima la akina mama lilitikisika. Nilitazama mbele.

Yule mama wa mwiba nilimshonea gauni baadaye, na hakuniuliza kwa nini.

Ajabu ni kwamba baada ya aibu ile njia ikawa nyepesi. Wakiniuliza ninaenda wapi nasema namtembeza mbwa, wanatikisa kichwa, tunapita. Taiga akakonda, mbavu zikaanza kuhesabika kwa kidole, akaacha kulia usiku. Siku moja alijisikia mzima akakimbiza ndege mtoni, nami nikafurahi nikamwacha, nikampeleka mpaka darajani kabisa. Kwenda alikwenda vizuri. Kurudi nilimbeba. Alilala kwenye gunia lake siku nzima iliyofuata, macho kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyekimbiza ndege. Nilijifunza kumzuia siku anapojiona mzima kuliko siku anapojiona mgonjwa, na hilo ni gumu zaidi, kwa sababu siku ile hata wewe unataka aende.

Wewe ulirudi likizo ukatukuta tumekuwa watu wa mtoni. Ulicheka kuliko Mama Kalekye, kisha ukaja nasi, na tangu umalize shule umekuwa ukija kila asubuhi. Hukujua jambo moja na sikukuambia kwa sababu lingekupa kiburi. Mwaka ule nilikuwa nimeanza kushika meza ninapoinuka kwenye cherehani. Nilidhani ndiyo kazi imefika mwisho. Baada ya miezi ya kumfuata mbwa mchangani, siku moja niliinuka kumpokea mteja, nikafika mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba sikushika kitu. Sikumwambia mtu. Nilirudi nikaketi, nikainuka tena, kuhakikisha.

Sasa tufike kwenye jambo letu.

Ukibaki hutanitesa, Mwikali. Utanipenda, na hapo ndipo ninapoogopa. Utaamka kabla yangu uwashe moto. Utamsugua Taiga mapaja kabla sijavaa viatu. Siku ya baridi utasema leo pumzika, baba, nitampeleka mimi. Siku ya pili utasema hivyo tena. Nami najijua: sijui kumkatalia mtu anayenipenda. Mama yako alilijua hilo na alilitumia vizuri. Nitakaa. Mwaka ujao ukifika utawaandikia wale wa chuo barua ya pili, maana utanikuta siwezi tena kufika mlangoni, na hutakuwa na moyo wa kuniacha hivyo. Hakuna atakayekulaumu. Kanisa zima litakusifu, kama nilivyosifiwa mimi. Ningekuwa na roho mbaya ningekuacha ubaki, kwa kuwa napenda kusikia ukitembea chumba cha pili.

Shangazi yako anasema ataniletea msichana wa kuchota maji. Nimemwambia alete, lakini achote nusu. Nusu nyingine nitaifuata mwenyewe. Amesema nina kichwa kigumu. Mwache aseme.

Sitakudanganya kwamba sitaumia. Nyumba itakuwa kubwa. Nitapika muthokoi wa watu wawili kwa muda mrefu kwa mazoea, na mwingine utaharibika. Jioni ndizo zitakazonishinda, asubuhi nina kazi. Nimeyafikiria haya yote leo kanisani, sikusikia hata neno moja la mahubiri, na bado nasema nenda.

Na Taiga nikuambie wazi, kwa sababu unakwenda kusomea uuguzi na hapatakuwa na mtu wa kukuzungushia maneno. Hatamaliza mwaka. Ungebaki, asingeumaliza vilevile. Jana alifika kwa Mama Kalekye tu, tukakaa ukutani, Mama Kalekye akaleta maji ya mbwa kwenye sufuria yake mwenyewe, tukarudi. Siku atakapokataa kuinuka sitamburuta wala sitambeba kumwonyesha watu. Nitamwita bwana mifugo, nami nitakaa naye mpaka iishe. Usiombe ruhusa ya kuja. Huko hawatakuelewa ukisema ni mbwa, na nauli ni ya kurudi Krismasi.

Nitakuandikia kila mwezi. Unajua siandiki mengi, leo nimezidisha. Nitakuambia mvua imenyesha au haikunyesha, nani ameoa, na tulitembea mpaka wapi. Siku utakayosoma kwamba nimetembea peke yangu, ujue Taiga hayupo tena. Lia kidogo kama ni lazima. Halafu usome mstari huo mara ya pili, ujue kwamba nimetembea.

Ni mimi baba yako,
fundi wa cherehani.